Kifo cha Steve Jobs na namna ulimwengu ulivyokipokea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, alifariki dunia tarehe 5 Oktoba 2011. Miaka imepita, lakini maswali yaleyale huendelea kuulizwa: kwa nini watu waliweka maua mbele ya maduka ya simu, kama alistahili sifa zote alizomiminiwa, kama maneno anayodaiwa kuyasema kitandani ni yake kweli, na kama ni haki kumkosoa mtu ambaye hajamaliza hata wiki moja kaburini. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa kumheshimu marehemu, na pia bila kuyaficha yale ambayo wakosoaji wake waliyasema wakati ule, kwa kuwa heshima na ukosoaji vyote viwili vilikuwa sehemu ya msiba huo tangu siku ya kwanza.

Alifariki wapi, na alikuwa akiugua nini?

Alifariki nyumbani kwake katika mji wa Palo Alto, California, Jumatano alasiri, familia yake ikiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka 56. Oktoba 2003 madaktari walikuwa wamegundua uvimbe katika kongosho lake. Haikuwa ile saratani ya kongosho ya kawaida, ambayo huua wagonjwa wengi ndani ya muda mfupi, bali aina adimu inayoanzia katika seli zinazotengeneza homoni, ambayo mara nyingi hukua polepole zaidi na ikiwahiwa huweza kutibiwa kwa upasuaji. Alipasuliwa Julai 2004, akapandikizwa ini mjini Memphis, Tennessee, mwaka 2009, akachukua likizo ya ugonjwa Januari 2011, na tarehe 24 Agosti mwaka huohuo akajiuzulu utendaji mkuu kwa barua fupi. Katika barua hiyo alieleza kwamba siku zote alisema angekuwa wa kwanza kutoa taarifa endapo ingefika siku ambayo hawezi tena kutimiza wajibu wake, na kwamba kwa bahati mbaya siku hiyo ilikuwa imefika. Nafasi yake ilishikwa na Tim Cook. Wiki sita baada ya barua hiyo, Jobs alifariki.

Je, ni kweli kwamba alikataa upasuaji mwanzoni?

Ni kweli kwamba aliuchelewesha kwa takriban miezi tisa, akajaribu mlo maalumu, tiba ya sindano za Kichina na dawa za mitishamba, licha ya kusihiwa na watu wake wa karibu akubali kupasuliwa. Mwandishi wa wasifu wake, Walter Isaacson, alieleza hadharani mwezi uleule wa kifo kwamba Jobs alikuja kuujutia uamuzi huo. Habari hii iliwashtua wengi waliokuwa wamemwona kama mtu anayeipenda sayansi kuliko kitu chochote, na mjadala mrefu ukafuata kati ya madaktari, wagonjwa na wapenzi wake. Hata hivyo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwamba miezi ile tisa ndiyo iliyomnyima maisha, kwa sababu haijulikani uvimbe ulikuwa umeenea kiasi gani siku ulipogunduliwa. Wale waliotangaza kwamba alijiua mwenyewe kwa ukaidi walivuka mpaka wa kile ambacho ushahidi unaruhusu.

Habari zilitangazwaje, na kwa nini baadhi ya watu walisita kuziamini?

Apple yenyewe ndiyo iliyotangaza, jioni kwa saa za California, wakati Afrika Mashariki ikiwa imelala usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 6. Siku moja tu kabla, kampuni ilikuwa imezindua simu ya iPhone 4S. Sasa matangazo yote yaliondolewa katika ukurasa wa mwanzo wa tovuti yake, ikabaki picha ya Jobs isiyo na rangi, mkono ukiwa kidevuni, na pembeni jina lake na miaka yake: 1955–2011. Aliyebonyeza picha hiyo alikutana na maneno machache ya rambirambi na anwani ya barua pepe ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia kuandika kumbukumbu yake.

Waliosita walikuwa na sababu. Agosti 2008 shirika la habari la Bloomberg lilikuwa limechapisha kimakosa tanzia yake iliyoandaliwa mapema kama akiba, naye wiki chache baadaye alipanda jukwaani, maandishi makubwa nyuma yake yakisema kwamba habari za kifo chake zimetiwa chumvi mno. Oktoba ya mwaka huo uvumi kwamba amepatwa na mshtuko wa moyo ulipandishwa katika ukurasa wa CNN wa habari zinazoletwa na wananchi, na bei ya hisa za Apple ikaporomoka kabla uvumi haujakanushwa. Septemba 2011, chini ya mwezi mmoja kabla ya kifo chenyewe, kipindi kimoja cha mtandaoni kilichohusishwa na CBS kilitangaza kwamba ameshafariki, kikalazimika kuomba radhi. Mtu aliyekwisha kuzushiwa kifo mara zote hizo, habari ya kifo chake cha kweli haiwezi kupokelewa bila kuulizwa chanzo.

Watu wa kawaida walifanya nini?

Usiku uleule watu walianza kukusanyika nje ya maduka ya Apple huko Palo Alto, San Francisco na New York, na kadiri jua lilivyozunguka mikusanyiko hiyo ikahamia Sydney, Tokyo, Hong Kong, Beijing, Shanghai na London. Vioo vya maduka vilijaa karatasi ndogo za kunata zenye rangi, kila moja ikiwa na mstari au miwili iliyoandikwa kwa mkono, nyingi zikisema asante tu. Chini ya vioo waliweka mishumaa, maua na matufaha, na baadhi ya matufaha hayo yalikuwa yameng’atwa upande mmoja ili yafanane na nembo ya kampuni. Wengine hawakubeba mshumaa bali iPad yenye picha ya mshumaa unaowaka, wakasimama wameishika kifuani. Katika makao makuu huko Cupertino bendera tatu, ya Marekani, ya jimbo la California na ya kampuni, zilipepea nusu mlingoti.

Katika mtandao wa Twitter ujumbe ulifikia 6,049 kwa sekunde moja, na sanduku la barua pepe la kumbukumbu lilipokea ujumbe zaidi ya milioni moja kutoka pande zote za dunia. Apple ilichapisha baadhi yake bila majina kamili, na ukizisoma unaona kwamba wengi hawakuandika juu ya kampuni wala utajiri. Waliandika juu ya kompyuta ya kwanza iliyoingia nyumbani kwao, juu ya baba aliyewafundisha kuitumia, juu ya kazi walizopata kwa sababu yake.

Mchoro mmoja ulisambaa kuliko mingine: nembo ya tufaha, ambapo sehemu iliyong’atwa imechukua umbo la uso wa Jobs ukitazamwa kwa upande. Aliyeuchora na kuupandisha mtandaoni alikuwa mwanafunzi wa usanifu wa Hong Kong mwenye umri wa miaka 19, ambaye alikuwa ameutengeneza tangu Jobs alipojiuzulu. Baadaye ilibainika kwamba msanifu mwingine nchini Uingereza alikuwa amebuni mchoro wa aina hiyo kabla yake, na kijana huyo alikiri wazi kufanana kwa michoro hiyo.

Viongozi na washindani wake walisemaje?

Rais Barack Obama alimtaja kuwa miongoni mwa wabunifu wakubwa kabisa katika historia ya Marekani, kisha akaongeza jambo ambalo lilinukuliwa kuliko rambirambi nyingine zote: kwamba huenda hakuna heshima kubwa zaidi kwa mafanikio yake kuliko ukweli kwamba sehemu kubwa ya dunia ilizipokea habari za kifo chake kupitia kifaa alichokibuni yeye.

Rambirambi za Bill Gates zilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu ya historia yao. Kwa miaka mingi wafuasi wa Apple waliiona Microsoft kuwa adui. Agosti 1997, Jobs alipotangaza mjini Boston kwamba Microsoft inawekeza dola milioni 150 katika Apple iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika, na uso wa Gates ukajitokeza kwenye skrini kubwa, sehemu ya ukumbi ilizomea. Miaka 14 baadaye Gates aliandika kwamba dunia huona kwa nadra mtu mwenye athari kubwa kiasi hicho, na kwamba kufanya naye kazi ilikuwa heshima kubwa mno. Bendera zilishushwa hata katika makao makuu ya Microsoft.

Google iliweka jina na miaka yake chini ya kisanduku cha utafutaji katika ukurasa wake wa mwanzo. Pamoja na Samsung, kampuni hiyo iliahirisha uzinduzi wa simu mpya uliokuwa umepangwa kufanyika tarehe 11 Oktoba, ingawa wakati huohuo Apple na Samsung walikuwa wakishtakiana mahakamani kuhusu hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi. Lee Jae-yong wa familia inayomiliki Samsung alialikwa na Tim Cook na akahudhuria ibada ya kumbukumbu. Kwetu jambo hili linaeleweka bila maelezo marefu, maana hata watu wenye kesi ya mpaka wa shamba hukutana msibani na kusaidiana kubeba jeneza.

Kwa nini watu wengi kiasi hicho walimlilia mtu ambaye hawakuwahi kukutana naye?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na jibu lake halipatikani katika takwimu za mauzo. Kampuni kubwa zipo nyingi, na watendaji wakuu wake hufariki bila mtu wa mtaani kujua majina yao. Jobs alitofautiana nao kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya watu kila kilipozaliwa kitu kipya, kuanzia kompyuta ya Macintosh mwaka 1984, iMac mwaka 1998, iPod mwaka 2001, iPhone mwaka 2007 hadi iPad mwaka 2010. Watazamaji walimzoea, fulana yake nyeusi ya shingo ndefu na suruali yake ya jinzi, kiasi kwamba walijihisi wanamfahamu. Na kwa kuwa walimtazama mwaka baada ya mwaka, waliuona pia ugonjwa ukimla. Nguo zilizidi kumpwaya, mashavu yakabonyea, sauti ikapungua. Kifo kilipofika, mamilioni walikuwa wamekwisha kumuuguza kwa macho yao.

Sababu ya pili ni aina ya vitu alivyovisimamia. Mashine ya kiwandani haimgusi mtu, lakini simu hulala chini ya mto wako, hubeba picha za watoto wako na sauti ya mama yako aliye mbali. Hata msomaji wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kumiliki bidhaa ya Apple aliguswa na umbo alilolisukuma sokoni: mwaka 2011 Safaricom ilipouza nchini Kenya simu ya bei nafuu ya Huawei Ideos, kijana aliyeinunua alikuwa akitelezesha kidole juu ya kioo na kupakua programu ndogo, mambo ambayo miaka mitano kabla hayakuwepo katika simu ya mtu wa kawaida. Ni lazima isemwe kwa haki kwamba Jobs hakuyabuni hayo peke yake; maelfu ya wahandisi walifanya kazi hiyo, na baadhi ya mawazo yalitoka maabara nyingine. Kipaji chake kilikuwa kuchagua, kukataa, kurudisha kazi mara ishirini mpaka iwe kama anavyotaka.

Sababu ya tatu ni hadithi ya maisha yake, ambayo watu waliisoma kama yao. Alilelewa na wazazi wa kupanga wasio matajiri, Paul na Clara Jobs, waliomchukua akiwa mchanga, aliacha chuo, alianzisha Apple mwaka 1976 pamoja na Steve Wozniak na Ronald Wayne, aliondoka katika kampuni hiyohiyo mwaka 1985 baada ya kushindwa katika mvutano wa madaraka, akaanzisha kampuni ya kompyuta ya NeXT na kuinunua studio iliyokuja kuitwa Pixar, akarudi Apple mwaka 1997 na kuiinua. Tarehe 12 Juni 2005, akiwa amepona upasuaji, aliwaambia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kwamba muda wao una kikomo na wasiupoteze kwa kuishi maisha ya mtu mwingine, na kwamba kifo huenda ndicho uvumbuzi bora kuliko wote wa uhai, kwa kuwa huondoa ya zamani na kupisha mapya. Baada ya Oktoba 2011 hotuba hiyo ilitazamwa upya kila mahali, na maneno ambayo mwanzo yalikuwa nasaha kwa wahitimu yakasikika kama wosia.

Mazishi na kumbukumbu rasmi vilifanyikaje?

Familia ilimzika kwa faragha tarehe 7 Oktoba katika makaburi ya Alta Mesa, Palo Alto, na kaburi lake halikuwekewa jiwe la jina. Tarehe 16 Oktoba, siku ambayo Gavana Jerry Brown aliitangaza kuwa siku ya Steve Jobs katika California, ibada ya waalikwa ilifanyika katika kanisa la Chuo Kikuu cha Stanford. Tarehe 19 wafanyakazi walikusanyika Cupertino, maduka ya Apple yakafungwa kwa saa kadhaa ili wauzaji nao wafuatilie, na bendi ya Coldplay na mwimbaji Norah Jones wakatumbuiza.

Je, biashara ya Apple ilitikisika?

Haikutikisika kama wengi walivyohofia. Siku iliyofuata kifo, hisa zilishuka kwa chini ya asilimia moja. Oda za iPhone 4S zilizidi milioni moja ndani ya saa 24 za kwanza, na simu milioni nne ziliuzwa katika wikendi ya kwanza. Wawekezaji walikuwa wamejiandaa tangu Agosti.

Ni nani waliokataa kumsifu, na walikuwa na hoja gani?

Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, yaani zile ambazo kila mtumiaji ana ruhusa ya kuzichunguza na kuzibadilisha, aliandika siku iliyofuata kwamba Jobs aliifanya kompyuta kuwa jela yenye mvuto, na kwamba hafurahii kufa kwake ila anafurahi kwamba hayupo tena. Wengi waliona ni ukatili kuandika hivyo wakati familia haijazika, hata baadhi ya waliokubaliana na msimamo wake kuhusu programu. Kwa maoni yangu hoja yake ilistahili kusikilizwa, kwa kuwa ni kweli kwamba Apple huamua ni programu gani mmiliki wa iPhone aweze kupakua. Kilichomharibia ni kuchagua maneno yanayomfukuza msikilizaji kabla hajaifikia hoja.

Wengine walitaja viwanda. Mwaka 2010 zaidi ya wafanyakazi kumi wa Foxconn, kampuni inayounganisha bidhaa za Apple na za kampuni nyingine nyingi, walijiua nchini China, wengi wao Shenzhen, na wasimamizi wakafunga nyavu kuzunguka majengo. Wapo waliokumbusha kwamba kwa miaka mingi alikana kuwa baba wa binti yake wa kwanza, Lisa, na kwamba aliwakaripia wafanyakazi wake kwa namna isiyovumilika. Wasifu ulioandikwa na Isaacson, ambao kuchapishwa kwake kuliharakishwa hadi tarehe 24 Oktoba, uliyaeleza mengi ya hayo waziwazi, na Jobs mwenyewe ndiye aliyemwomba mwandishi huyo aifanye kazi hiyo, akamwachia aandike bila kumpangia. Nakala takriban 379,000 ziliuzwa Marekani katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo wanaosema kwamba ukosoaji ni hila ya maadui waliongoja afe wanasahau kwamba sehemu kubwa ya habari hizo ilitoka kwake na kwa watu waliompenda.

Je, kulikuwa na sauti zilizozungumzia madini ya Congo?

Zilikuwepo, ingawa zilizama katika wingi wa rambirambi, na ni suala linalowahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili wa Goma, Bukavu na Masisi. Tantali inayopatikana katika koltani, bati, tungsteni na dhahabu huingia katika simu na kompyuta za kampuni zote, na sehemu ya madini hayo ilichimbwa Kivu chini ya ushuru na mtutu wa makundi yenye silaha. Juni 2010 mteja mmoja alimwandikia Jobs barua pepe akiuliza kuhusu jambo hilo, naye akajibu kwamba Apple huwataka wauzaji wake wathibitishe kwa maandishi kuwa madini yao hayatoki katika maeneo ya vita, lakini kwamba kusema kweli wauzaji hao hawana njia ya kuwa na uhakika, mpaka atakapopatikana mtu wa kubuni mbinu ya kikemia ya kutambua madini yametoka katika machimbo gani.

Jibu hilo ni la kweli na pia halitoshi. Ni la kweli kwa sababu gunia la koltani likishachanganywa na mengine sokoni ni vigumu kujua asili yake. Halitoshi kwa sababu mtu aliyezoea kuwaambia wahandisi wake kwamba neno haiwezekani halikubaliki, hapa alilikubali. Mwezi uliofuata Marekani ilipitisha sheria ya fedha ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kiliyalazimisha makampuni kueleza asili ya madini hayo. Watu wa mashariki ya Congo waliiita sheria ya Obama, na wachimbaji wadogo wengi walilalamika kwamba wanunuzi walikimbia na kuwaacha bila riziki. Jambo hilo halijaisha: Desemba 2024 serikali ya Congo iliwasilisha malalamiko ya jinai Ufaransa na Ubelgiji dhidi ya kampuni tanzu za Apple, na Apple ikayapinga. Anayemkumbuka Jobs kwa ukamilifu hana budi kuikumbuka na barua ile fupi ya Juni 2010.

Je, ni kweli kwamba hakuwahi kutoa sadaka?

Hakujulikana kwa kutoa hadharani, na lawama hiyo ilitangulia kifo chake kwa wiki chache. Mwimbaji Bono alijitokeza kumtetea, akieleza kwamba Apple ilikuwa mchangiaji mkubwa kupitia bidhaa zenye chapa ya Red, ambazo sehemu ya mapato yake huenda Mfuko wa Dunia kwa ajili ya kupambana na UKIMWI. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika na fedha za chapa hiyo.

Je, baba yake alikuwa Msyria?

Baba yake mzazi, Abdulfattah Jandali, alizaliwa Homs, Syria, na mama yake mzazi, Joanne Schieble, alikuwa Mmarekani. Walimtoa kulelewa na familia nyingine alipozaliwa San Francisco tarehe 24 Februari 1955. Dada yake wa damu ni mwandishi wa riwaya Mona Simpson, ambaye Jobs alikutana naye ukubwani. Mwaka 2011 Homs ilikuwa mojawapo ya ngome za maandamano dhidi ya serikali ya Syria, na Waarabu wengi walioandika juu ya kifo hicho waliliunganisha jina lake na mji huo. Yeye mwenyewe hakutaka uhusiano na Jandali, na siku zote aliwaita Paul na Clara wazazi wake.

Ujumbe wa WhatsApp unaoitwa maneno ya mwisho ya Steve Jobs ni wa kweli?

Si wa kweli. Ujumbe huo, ambamo Jobs anadaiwa kulalamika kitandani kwamba utajiri haukumletea furaha na kwamba kitanda cha wagonjwa ndicho kitanda cha gharama kubwa kuliko vyote, ulianza kuenea mwaka 2015, miaka minne baada ya kifo chake. Haumo katika wasifu wake, haukutolewa na familia, wala haukuandikwa na mtu yeyote aliyekuwepo. Huenda mafundisho yake yakampendeza msomaji, lakini kumtilia marehemu maneno mdomoni ni kumdhulumu, hata kama maneno yenyewe ni mazuri.

Aliyekuwepo alieleza jambo tofauti. Katika hotuba yake ya maombolezo, iliyochapishwa na gazeti la New York Times mwishoni mwa Oktoba 2011, Mona Simpson alisimulia kwamba Jobs alimtazama Patty, dada yake waliyelelewa pamoja, kisha akawatazama watoto wake kwa muda mrefu, kisha mkewe Laurene, halafu akatazama kupita mabega yao wote, akatoa mguno wa kustaajabu na kuurudia mara tatu.

Je, haikuwa dhuluma kwamba wengine waliofariki siku zilezile hawakuliliwa hivyo?

Swali hili liliulizwa sana na wanakompyuta wiki moja baadaye, Dennis Ritchie alipofariki. Ritchie aliibuni lugha ya programu ya C na, pamoja na Ken Thompson, mfumo wa Unix. Mifumo inayoendesha kompyuta na simu za Apple imejengwa juu ya urithi huo. John McCarthy, aliyeasisi uwanja wa akili bandia, alifariki tarehe 24 Oktoba. Wote wawili waliagwa hasa na watu wa fani yao. Naamini ukumbusho huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa umma huona mkono uliokabidhi chombo na kuisahau mikono iliyochimba msingi.

Msomaji wa Kenya atakumbuka kwamba wiki hizo nchi yake ilikuwa na msiba wake. Profesa Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba, na tarehe 8 Oktoba, siku tatu baada ya kifo cha Jobs, aliagwa kitaifa katika Bustani ya Uhuru akiwa ndani ya jeneza la mianzi, magugumaji na mafunjo, kwa sababu hakutaka mti wowote ukatwe kwa ajili yake. Kumlilia mmoja hakukumzuia mtu kumlilia mwingine.

Je, matapeli waliutumia msiba huo?

Ndiyo, na ndani ya saa chache. Kurasa za Facebook ziliahidi kugawa iPad za bure kwa kumbukumbu yake, na waliobonyeza walipelekwa katika dodoso za kuwachuma fedha na taarifa zao. Mbinu hiyo hurudi kila afarikipo mtu mashuhuri.

Kumbukumbu gani zimewekwa tangu wakati huo?

Sanamu yake ya shaba ilizinduliwa mjini Budapest, Hungaria, Desemba 2011, na kampuni ya programu ya Graphisoft, ambayo Jobs aliisaidia ilipokuwa changa. Mjini St. Petersburg, Urusi, palisimamishwa mnara wenye umbo la iPhone mwaka 2013, ukaondolewa mwaka 2014 baada ya Tim Cook kutangaza kwamba yeye ni shoga. Ukumbi wa mikutano wa makao makuu mapya ya Apple, uliofunguliwa Septemba 2017, una jina lake, na Julai 2022 Rais Joe Biden alimtunuku Nishani ya Uhuru ya Rais, iliyopokelewa na mjane wake.

Anayetaka kusoma maneno yake halisi aanzie wapi?

Aanze na hotuba ya Stanford ya 2005, ambayo maandishi yake kamili yako katika tovuti ya chuo hicho. Kisha atembelee tovuti ya Hifadhi ya Steve Jobs, iliyoanzishwa mwaka 2022 na mjane wake pamoja na Tim Cook na msanifu Jony Ive, ambayo mwaka uliofuata ilitoa bure mkusanyiko wa hotuba, mahojiano na barua pepe zake. Na atakapoletewa nukuu yoyote isiyoonyesha ilisemwa lini na wapi, aitafute humo kabla ya kuisambaza.